Pensi Niliyoifunga kwenye Dreni ya Cyprien

Dokta Pascaline aliniambia nifunge dreni ya Cyprien kabla hatujamvusha uwanja kwenda radio, chumba cha kupigia picha za kifua, nami nikafunga. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano kazini. Nilijua kwamba bomba linalotoa hewa kifuani halifungwi hata kwa dakika moja. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo kwa wauguzi wengi, na baadhi yao leo ni wakuu wa wodi wanaolifundisha wengine. Hata hivyo nilisema, "Ndiyo, dokta," nikachukua pensi, koleo dogo la kubania, kwenye sinia, nikabana. Katika kazi yangu yote, ndiyo amri moja ninayotamani ningeikataa.

Nimestaafu, huu ni mwezi wa tatu. Vijana wa wodi ya upasuaji wameniomba niwaandikie kurasa chache. "Muzee, utuandikie mbele haujasahau," waliniambia, kama vile kusahau kumeshapanda pikipiki na kuko njiani kuja kwangu. Sitaandika nani alipandishwa cheo wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Mkitaka kulia kwa ajili ya hayo, mnayo ya kwenu. Nitaandika juu ya vifua, maana ndivyo nilivyovijua.

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Masisi. Diploma yangu ya uuguzi ni ya sekondari, na sikuongeza nyingine juu yake. Siku ya kwanza Goma nilipelekwa chumba cha upasuaji kwa Muzee Kasereka, Munande mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, aliyekuwa ameshika vyombo vya upasuaji tangu kabla sijazaliwa. Hakuniuliza diploma. Aliziangalia kucha zangu mbele na nyuma.

"Unatoka wapi?"

"Masisi, muzee."

"Uliishaka kuchinja ngombe?"

"Ndiyo, kwa papa yangu."

"Basi pafu unalijua. Ukilitupa mu maji linafanya je?"

"Linaelea, muzee."

"Na ukifungua ubavu, hewa ikiingia?"

Nilifikiri kidogo. "Linasinyaa."

"Njo vile. Masomo imeisha. Uende uoshe chupa."

Niliosha chupa kwa miezi mitatu. Wakati ule sikuelewa kwamba alikuwa amenipa kitu cha maana kuliko vyote chumbani mle. Chupa ya dreni ni kitu cha kijinga ukiitazama: chupa, kizibo, bomba refu linaloshuka kutoka kifuani mwa mgonjwa mpaka ndani ya maji, na bomba fupi la kutolea hewa. Hewa iliyoingia mahali pasipo pake, kati ya pafu na mbavu, hushuka kwenye bomba, ikatoka majini kwa mapovu, na haiwezi kurudi kwa sababu maji yameziba mlango. Maji yakipungua, mlango unabaki wazi. Chupa ikiinuliwa juu kuliko kifua, maji yanarudi ndani. Na ukibana bomba wakati mapovu yanatoka, hewa inabaki ndani, inaongezeka kwa kila pumzi, inalisukuma pafu, kisha inausukuma moyo wenyewe. Kasereka alikuwa akinisimamisha mbele ya kitanda na kuuliza, "Chupa inasema nini?" Nikijibu "Inatoa mapovu, muzee," aliuliza tena, "Na mutu akiwa anasema, unamufunga kinywa?" Siku ya kwanza nilicheka. Hakucheka.

Miaka mingine dreni za kiwandani zilifika, miaka mingine hazikufika. Tulitumia mabomba ya mkojo, tulitumia chupa za maji ya kunywa, na mara moja, njiani kutoka Sake, nilifunga kidole cha glavu kwenye mdomo wa sindano kubwa ili hewa itoke isirudi. Mgonjwa yule, mchungaji aliyechomwa na pembe ya fahali, alifika akiwa hai na akilalamika kwamba glavu inapiga kelele kama bata. Alisema kweli. Ilipiga kelele kama bata. Mpaka leo sijasikia kelele nzuri kuliko ile.

Kuna kisa kimoja ambacho nilikipenda mno kukisimulia, na mtaona kwa nini nakiandika. Hospitali zetu mnazijua: mgonjwa anakuja na garde-malade wake, ndugu wa kumpikia, kumfulia na kumgeuza. Tukimsafirisha mgonjwa wa dreni, garde-malade ndiye anayebeba chupa. Mara moja mgonjwa wetu alikuwa akipelekwa radio, na shemeji yake aliyebeba chupa akawaona watu wa familia nje ya uzio. Kwa furaha aliinua chupa juu ya kichwa kuwaonyesha uchafu uliotoka: "Muone! Muone yote ilikuwa mu kifua yake!" Maji yote yakarudi kifuani mwa yule mgonjwa. Alipona, lakini baada ya wiki mbili za homa. Tangu siku hiyo wengine wodini walianza kubana bomba kabla ya kusafiri. Kwa dreni iliyokwisha kutoa hewa si hatari sana. Kwa dreni inayotoa mapovu ni kumuua mtu. Mimi nilikuwa nikikisimulia kisa cha shemeji kwa kila daktari mgeni, tunakunywa chai, tunacheka. Lile la mapovu sikulisema kila mara. Liliharibu kichekesho.

Sasa Cyprien. Tulikutana mtaa wa Mapendo, tukiwa vijana, tumepanga vyumba viwili kwenye kiwanja kimoja. Yeye alitoka upande wa Bukavu, Mkatoliki wa kufunga vifungo vyote vya shati, karani katika ofisi ya usafirishaji. Mimi nilikuwa mtu wa Masisi ninayenuka dawa ya kuoshea sakafu. Alimsimamia mtoto wangu wa pili ubatizoni. Volkano ilipopita katikati ya mji, tulibeba pamoja godoro lake kichwani hadi Gisenyi, tukarudi na godoro hilohilo, na nyumba zote mbili zilikuwa zimekwenda. Tulianza tena, ukuta kwa ukuta. Baadaye yeye alijenga Keshero, karibu na ziwa, lakini Jumapili haikupita bila yeye kuja kwangu kula chakula changu na kunitukana.

"Fausti," alikuwa akiniita, kisha anawageukia wageni, "huyu mutu kazi yake ni kutoboa batu, na banamwambia aksanti."

Kisha mapafu yake yakaanza kugeuka kovu. Si kifua kikuu, tulipima. Ni ugonjwa unaoyafanya mapafu kuwa magumu kama ngozi iliyokauka. Alipokuwa hawezi tena kumaliza sentensi, binti yake Noëlla, anayeishi Ulaya, alimchukua. Alikaa huko miaka, na huko akapandikizwa mapafu mawili ya mtu mwingine. Nilipoambiwa kwa simu niliketi chini. Mimi niliyetumia maisha yangu kuziba matundu kwenye mapafu, rafiki yangu alikuwa amepewa mapya.

Madaktari wake hawakutaka arudi. Alitakiwa anywe dawa kila siku ili mwili usiyakatae yale mapafu, na dawa hizo hizo zinaulaza ulinzi wa mwili, hivyo kidonda kidogo kwake ni mlango wa hatari. Noëlla alimkataza. Yeye alirudi. Alinipigia simu kutoka Keshero siku aliyofika, na nilimsikia akimjibu binti yake kwenye simu nyingine, makusudi ili nisikie: "Kule niko na ba-docteur. Goma niko na Faustin."

Niliyabeba maneno hayo mjini kama mtu aliyepewa nishani.

Alikaa salama mwaka na zaidi. Kisha asubuhi moja, akitoka misa, pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye mawe ya lava, akaanguka kwa ubavu wa kushoto. Alifika kwetu amekaa wima kwenye kiti, anashika kingo zake kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka. Mke wake, Mama Noëlla, alikuwa nyuma, simu mkononi, na kwenye simu uso wa binti yao, kwa picha, analia.

Dokta Pascaline alikuwa mpasuaji wetu, miezi minne tu tangu afike, mwanamke mwepesi wa mikono na asiyejua kuogopa. Nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alifunga nyuzi vizuri na hakupiga kelele kwa mtu. Alisikiliza kifua. Kushoto kimya. Kuume sauti ndogo sana. Tulidhani ule udogo wa kuume ni wa upasuaji wa zamani. Kovu lake lilitoka kwapa moja hadi kwapa jingine, likipita chini ya chuchu, kama mkanda uliofungwa mahali pasipo pake. Wote wawili tuliliangalia, na hakuna aliyelisoma.

Hapakuwa na muda wa kwenda kupiga picha kwanza. Dokta alitoboa kushoto, juu ya ukingo wa ubavu, mimi nikashika bomba na chupa. Mapovu yalitoka kwa nguvu. Rangi ilimrudia usoni nikiangalia.

"Ah," alisema, "hewa ya Goma. Iko na vumbi, lakini ni yangu."

"Nyamaza, vieux," nilimwambia, yaani mzee wangu.

"Unaniambia ninyamaze, na tumbo yako imefika hapa mbele yako." Mama Noëlla alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Ilibaki picha, ili tuone pafu limerudi kiasi gani. Radio iko jengo la pili, ng'ambo ya uwanja wa mawe. Wasukuma kitanda walikuwa tayari, na Mama Noëlla ndiye angebeba chupa. Dokta Pascaline aliitazama chupa mikononi mwa mama yule anayetetemeka, na nikaona anakumbuka kisa cha shemeji. Kisa changu.

"Muzee Faustin, tufunge dreni mbele ya kuvuka. Sitaki mambo ya ile chupa."

Maji ndani ya chupa yalikuwa yakitoa mapovu. Nilifungua kinywa. Simu ilikuwa imeegemezwa kitandani, imeelekezwa kwetu, na Noëlla, aliyeko mbali, alikuwa ametoka kusema: "Papa, nilikwambia usirudi, huko hawataweza." Sikutaka asikie daktari na muuguzi wakibishana juu ya baba yake. Nilitaka aone watu wanaojua kazi. Nilijiambia: ni hatua sitini. Nikasema ndiyo. Nikabana.

Mwanzoni Cyprien alikuwa akisema na wasukuma kitanda, akiwauliza wametoka kijiji gani. Tulipofika katikati ya uwanja alinyamaza. Niliangalia, nikaona mkono wake umeshika chuma cha kitanda na vidole vimegeuka vyeupe. Midomo ilikuwa ya buluu. Aliniangalia mimi, si mke wake. Niliweka sikio kifuani: kushoto kimya, na kuume, upande ambao hatukuugusa, kimya pia. Kwa miaka yote ile sikuwahi kusikia kimya cha pande mbili kwa mtu ambaye macho yake bado yananiangalia. Kisha macho yakafumba.

Nilifungua pensi. Hakuna kilichotoka. Bomba lilikuwa limekunjika chini ya mgongo wake, na ndani yake damu ilikuwa imeganda. Nilimpokonya Mama Noëlla chupa, nikaiweka chini kwenye lava, nikapiga magoti. Nilimgeuza kwa bega langu, nikalinyoosha bomba, nikalikamua kwa vidole viwili kutoka kifuani kwenda chini, kama mtu anavyokamua chuchu ya ng'ombe, mara moja, mara mbili, mara tatu. Dokta alikuwa ameshika puto la kupumulia juu ya uso wake na anaita jina lake. Mara ya nne donge la damu liliruka ndani ya chupa, na hewa nyuma yake. Maji yalichemka mpaka yakanirukia kwenye koti. Niliona kifua kikipanda, kikashuka, kikapanda. Mshipa wa shingo haukuwa umeacha kupiga.

Alifungua macho, akanikuta nimepiga magoti.

"Fausti," alisema kwa pumzi ya mtoto, "unanichumbia?"

Msukuma kitanda mmoja aliketi chini kwenye mawe na kuanza kusali kwa sauti. Hatukumkataza.

Tulifika radio na dreni wazi, chupa nimeishika mwenyewe chini ya magoti. Picha ilitoka, na Dokta Pascaline aliiweka kwenye mwanga. Mapafu yote mawili yalikuwa yamesinyaa na kulala, kushoto na kuume, na hewa pande zote mbili. Aliyeanguka kwa ubavu wa kushoto, angepataje hewa upande wa kuume? Dokta aligeuka kwa haraka aliyokuwa nayo siku zote.

"Sinia ya pili. Tunatoboa kuume."

Na hapa, wadogo zangu, ndipo nilipopata kinywa changu, dakika ishirini baada ya kukihitaji.

"Hapana, dokta."

"Muzee, hewa iko kuume. Picha ni hii."

"Iko. Lakini kule uwanjani niliweka sikio kuume, palikuwa kimya kabisa. Sasa panapumua. Sikiliza."

Alisikiliza. Alisikiliza tena.

"Nani alitoa hewa ya kuume?" nilimuuliza. "Hatujapatoboa. Imepita wapi, kama haikupita kushoto?"

"Haiwezekani. Kila pafu liko na chumba chake."

"Kwangu na kwako, ndiyo. Huyu walimfungua kutoka kwapa hadi kwapa." Nilimwonyesha lile kovu. "Huenda waliacha mlango kati ya vyumba. Na dawa anazokunywa, kila tundu tunaloongeza ni mlango wa ugonjwa. Unipe robo saa. Nikishindwa, nitakushikia sinia mwenyewe."

Alinitazama. Angeweza kuniambia kwamba mimi ni mtu wa sekondari, na ingekuwa kweli. Alivuta kiti. "Robo saa," alisema. "Na mimi ninakaa hapa."

Sikuondoa kipimo cha kusikilizia kifua masikioni. Kila dakika sauti ya kuume ilishuka chini zaidi, kutoka kwenye bega mpaka kwenye ubavu wa tano, wa sita, kama mtu anayeteremka ngazi pole pole ndani ya nyumba. Chupa ilitoa mapovu bila kuchoka. Bomba moja upande wa kushoto lilikuwa linayainua mapafu mawili. Picha ya pili ilipotoka, Dokta Pascaline alipiga kofi moja kwenye paja lake, akanikumbatia, na kipimo changu kikaanguka sakafuni. Mimi nilikuwa nimelia tayari, kwa hiyo sikuongeza.

Wakati huo Noëlla alikuwa amempata kwa simu mzee aliyempasua baba yake huko Ulaya. Mzee yule alizungumza na dokta kwa Kifaransa cha pole pole. Ndiyo, alisema, baada ya kupandikiza mapafu mawili kwa njia ile vyumba viwili vinaweza kubaki chumba kimoja. Matatizo yake ni nadra, naye ameyaona mara chache maishani. Hewa ikiingia upande mmoja, yanalala yote mawili. Na bomba moja, likiachwa wazi, linaweza kuyainua yote mawili. Aliuliza nani aliyezuia bomba la pili. Dokta Pascaline alisema, "Muuguzi wetu." Akauliza nimesomea wapi. Dokta alisema, "Masisi," na mzee yule hakuelewa, lakini alisema, "Vizuri sana."

Alisema pia kwamba kwa lugha yao hali hiyo huitwa kifua cha nyati, kwa sababu kuna mnyama wa Amerika mfano wa nyati ambaye mapafu yake yamekaa chumba kimoja, na mshale mmoja unamtosha. Wodini, kitanda cha jirani alikuwa amelala mlinzi wa mbuga kutoka Rumangabo, ameshonwa ngiri ya tumbo juzi yake. Alipoelezwa alikasirika.

"Mushale moja? Huyo wa Amerika haiko nyati, ni mbuzi. Ya kwetu inakufukuza na mishale tano ndani." Kisha akamgeukia Cyprien: "Papa, weye ni wa kwetu. Ulianguka, ukafungwa, na bado unaomba supu."

Siku ya tano mapovu yalikwisha. Siku ya saba nilitoa bomba, naye akavuta pumzi iliyoshuka mpaka chini pande zote mbili. Alitoka wodini kwa miguu yake. Wodi nzima, waliosimama mlangoni na waliolala vitandani, ilipiga makofi. Mlinzi wa Rumangabo alipiga saluti akiwa ameshika ngiri yake. Ninaandika haya na bado nasikia fahari. Katika mji ambao hata oksijeni tunaibembeleza, tulimrudisha mtu mwenye mapafu ya kupandikizwa kutoka kwenye jambo ambalo wapasuaji wengi wakubwa hulisoma vitabuni tu.

Juma lililofuata Dokta Pascaline alitukusanya wote. Alisimama mbele na kusema, bila kuinamisha kichwa, kwamba yeye ndiye aliyeamuru dreni ifungwe na kwamba alikosea. Sijawahi kumwona daktari akifanya hivyo mbele ya wafagiaji. Nilisimama nami, nikasema kwamba yeye hakujua hatari ya mapovu yale kama nilivyoijua mimi, kwamba kisa cha shemeji kilitoka kinywani mwangu nusu, na kwamba mkono uliobana ni wangu. Siku ile pensi ziliondolewa kwenye sinia ya safari. Fundi wa kuchomea vyuma alitutengenezea ndoana chini ya vitanda, chupa inaning'inia chini peke yake, na garde-malade anabeba blanketi.

Siku vita vilipoingia mjini, wodi ilijaa mpaka kwenye korido. Vifua vilivyopigwa risasi vilikuwa vingi kuliko vitanda. Nilipita kati yao, chupa baada ya chupa, zote zimening'inia chini, zote ziko wazi, zote zinasema. Hata moja haikufungwa. Wauguzi waliozitunza ni ninyi mnaosoma hapa. Hilo ni lenu, msikubali mtu awanyang'anye.

Lakini nimeruka kitu. Kabla ya makofi ya mlangoni, asubuhi ile nilipotoa bomba, Cyprien alimwomba mke wake atoke. Nilikuwa nikibandika plasta.

"Mu uwanja," alisema. "Dokta alisema ufunge."

"Ndiyo."

"Weye ulijua?"

Ningeweza kusema kwamba hakuna aliyejua vyumba viwili vimekuwa kimoja. Ingekuwa kweli, na isingekuwa jibu.

"Nilijua haifungwi," nilisema. "Nilijua tangu Kasereka."

"Na ulifunga."

"Nilifunga. Nilikuwa naona haya mbele ya Noëlla."

Alikuwa akipumua vizuri, na mimi nikifurahia kupumua kwake hata wakati ule.

"Dokta hakujua," alisema. "Yeye nimeshamusamehe. Weye ulijua. Mi nilirudiaka Goma kwa sababu yako, haiko ya dokta."

"Nisamehe, vieux."

"Umeniokoa pia. Ile nayo ninaijua." Alifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. "Umwite mama, twende."

Alipotoa misa ya shukrani aliialika wodi nzima, tangu dokta mpaka msukuma kitanda aliyesali. Mimi sikualikwa. Nilikwenda Keshero mara tatu. Mama Noëlla alinipokea vizuri, akanipa chai, akaniambia muzee amelala. Mara ya tatu nilisikia sauti yake chumbani, anacheka na mtu, na nikaelewa. Leo anatunzwa na dada mmoja muuguzi niliyemfundisha mwenyewe. Dawa zake zinapita ng'ambo ya mpaka tangu ndege ziache kutua, na hakosi hata kidonge kimoja. Dada huyo huniambia mapafu yote mawili yanasikika safi mpaka chini. Simwulizi kama nimepewa salamu, kwa sababu angelazimika kunijibu.

Siku ya kuniaga kazini palikuwa na hotuba, nyama na viti vya kuazima. Nilikaa nikitazama lango mpaka viti vikakusanywa.

Cyprien yuko hai, na nilisaidia kumfanya awe hai, na jambo hilo hakuna wa kuniondolea. Lakini niliposema "ndiyo, dokta" na kubana ile pensi, nilimpoteza rafiki wa miaka thelathini na minne. Anaishi mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, na hatuamkiani.